Heroe Warukapo Mbele ya Mlima wa Mungu

Ni picha iliyozoeleka. Imechapishwa katika kalenda za ukutani, katika kadi za posta na katika mabango ya utalii. Mstari mrefu wa heroe umeinuka juu ya maji, shingo zimenyooka mbele na miguu imenyooka nyuma, mabawa mekundu yenye ukingo mweusi yamekunjuka, na nyuma yao umesimama mlima mrefu wenye umbo la pia. Mtazamaji huusifu uzuri wake, hugeuza ukurasa wa mwezi, na mara chache sana hujiuliza: ndege hawa waliruka kwa sababu gani saa ile?

Swali hilo si dogo. Majibu yake ni mawili tu. Ama ndege waliruka wenyewe kwa haja zao, na mpiga picha alikuwapo akiwangojea. Ama walirushwa, yaani mtu aliwakaribia mno, alipiga makofi, alipiga honi ya gari au aliwapitishia chombo angani ili wainuke. Picha hizo mbili zikiwekwa mezani zaweza kufanana kama pacha. Lakini gharama yake kwa ndege ni mbali kabisa, na kwa kuwa siku hizi kamera imo katika mfuko wa karibu kila msafiri, ni vema vijana na wazee wanaopenda kazi hii waelewe tofauti yake.

MLIMA NA ZIWA

Miongoni mwa mahali penye mandhari ya namna hiyo, pachache hulingana na Ziwa Natron. Ziwa hilo limo katika Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, likigusana karibu na mpaka wa Kenya. Uso wake uko kiasi cha mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo joto la huko ni kali sana. Urefu wake hufikia kadiri ya kilomita 57 na upana kilomita 22, lakini kina chake hakifiki mita 3. Maji huingia kwa Mto Ewaso Ng'iro utokao Kenya na kwa chemchemi za kando, ila hayana mahali pa kutokea. Jua huyakausha, na kinachosalia ni magadi na chumvi. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya ziwa hufunikwa na ganda jeupe au jekundu, wekundu huo ukitokana na vijidudu vidogo sana vipendavyo chumvi.

Upande wa kusini wa ziwa ndiko uliko Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Una urefu wa mita 2,962, na kwa kuwa bonde liko chini sana, mlima huo huonekana umechomoka ardhini peke yake bila vilima vya kuuegemea. Ni volkano iliyo hai. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 1966, na tena mwaka 2007 hadi 2008. Lava yake ni ya ajabu: hutoka ikiwa nyeusi na yenye joto la kadiri ya nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, ambalo ni dogo kwa lava, kisha inapopata unyevu wa hewa hugeuka kuwa nyeupe. Ndiyo maana mgeni akiutazama kwa mbali aweza kudhani kileleni mna theluji. Weupe ule ni wa magadi.

NDEGE MWENYEWE

Heroe wa Natron wako wa aina mbili. Heroe mkubwa ni mrefu, na rangi yake ni nyeupe iliyochanganyika na waridi kidogo. Heroe mdogo, ambaye ndiye mwenye wingi, ana kimo kisichofika mita moja na rangi iliyokolea zaidi. Chakula chake ni mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, anaouchuja majini kwa mdomo uliogeuzwa juu chini. Rangi yake ya waridi hutokana na mwani huo, kwani una asili ya rangi iliyo ya jamii moja na ile iliyomo katika karoti. Kinda lake huzaliwa akiwa wa kijivu, na hupata uwaridi kadiri anavyokua na kula.

Heroe aliyesimama huficha sehemu kubwa ya uzuri wake. Wekundu mkali na weusi wa mabawa huonekana kamili pale tu anapoyakunjua. Basi ni haki kabisa kwa mpiga picha kutamani kumwona akiruka. Lakini heroe si kama njiwa ainukaye mara moja. Yeye ni lazima akimbie juu ya maji hatua kadhaa, akielekea upepo unakotoka, akipiga mabawa kwa nguvu mpaka apate kujiinua. Kila mruko wa namna hiyo humla nguvu, na nguvu hiyo ameichuma kwa saa nyingi za kuchuja matone ya maji. Akirushwa mara moja atavumilia. Akirushwa na gari la kwanza, la pili na la kumi katika asubuhi moja, atakuwa amepoteza riziki ya siku nzima.

Jambo zito zaidi ni uzazi. Heroe wadogo huonekana kwa maelfu katika maziwa mengi, lakini mahali wanapozaliana ni pachache mno duniani. Kwa Afrika Mashariki, Ziwa Natron ndilo pekee wanalolitegemea kwa kazi hiyo, na hukadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wamezaliwa hapo. Hujenga viota vya tope mfano wa vichuguu vidogo, mbali katikati ya ziwa, ambako fisi na bweha hawafiki kwa urahisi. Kila jozi hutaga yai moja tu, na huliatamia kwa muda wa kadiri ya siku 28. Tena hawazai kila mwaka, bali hungoja hali ya maji na tope iwaridhishe. Yai likiachwa wazi juani katika joto lile, au likiachiwa ndege walao mayai, hakuna jingine la kulifidia mwaka huo.

BUNDUKI ISIYOUA

Tamaa ya kumnasa ndege akiwa angani ni ya zamani karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1882 mtaalamu wa Ufaransa, Étienne-Jules Marey, alitengeneza chombo chenye umbo la bunduki, chenye kitako cha kuegemeza begani na mtutu wa kulengea, ambacho badala ya risasi kilipiga picha 12 katika sekunde moja. Alitaka kujua jinsi mabawa yanavyofanya kazi, na kwa mara ya kwanza aliweza kuonyesha hatua za mruko ambazo jicho la binadamu halizioni. Ilikuwa bunduki isiyoua, na sifa hiyo ndiyo kamera imejivunia tangu hapo.

Hata hivyo Natron imefundisha kwamba sifa hiyo haiji yenyewe. Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua ni wapi heroe wadogo wa Afrika Mashariki hutaga. Mwaka 1954 Leslie Brown, aliyekuwa bwana shamba nchini Kenya na mpenzi mkubwa wa ndege, aliviona viota vyao kutoka ndani ya ndege ndogo ikipita juu ya Natron. Alipojaribu baadaye kuviendea kwa miguu, tope la magadi lilimnasa na kumwunguza miguu vibaya hata akalazwa hospitali. Habari hizo alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1959. Fundisho lake bado lina nguvu: viota vile viliwekwa pale ili visifikiwe, na tope lile ndilo ukuta wa ndege.

Miaka michache baadaye ilionekana jinsi uhai wa ndege hawa ulivyo mwembamba. Mwaka 1962 maji yalijaa Natron, na heroe kwa wingi mkubwa wakaenda kuzalia Ziwa Magadi, ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya. Huko magadi yaliganda katika miguu ya makinda yakafanya pingu ngumu, na maelfu yao hawakuweza kutembea wala kula. Watu walijitolea kuingia ziwani na kuzivunja pingu hizo moja baada ya nyingine. Miongoni mwao alikuwamo Alan Root, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa filamu zake za wanyama. Maelfu ya makinda yaliokolewa. Siku zile aliyekuwa na kamera alijua kwamba yako mambo yanayotangulia picha.

SAA NA MAHALI

Anayetaka picha ya heroe na mlima pasipo kumsumbua ndege hana budi kuwa na maarifa ya mambo matatu: jua, upepo na njia za ndege.

Jua kwanza. Kwa kuwa mlima uko kusini mwa ziwa, mpiga picha inampasa akae kaskazini mwa ndege, upande wa ufukwe wa magharibi, na kutazama kusini. Asubuhi jua huchomoza upande wa mashariki, uliko Mlima Gelai, na mwanga wake huwapiga ndege na mlima kwa ubavuni, ukionyesha mikunjo ya miteremko na umbo la kila bawa. Jioni haifai sana, maana ukingo mrefu wa Bonde la Ufa upande wa magharibi hulificha jua mapema. Tena kati ya Juni na Agosti jua huwa limeelekea kaskazini, hivyo uso wa mlima unaotazamana na ziwa hupata mwanga mzuri kuliko Desemba, ambapo jua huwa limehamia kusini. Baada ya saa tatu au saa nne za asubuhi joto hupanda kutoka katika magadi na hewa huanza kutetema kama juu ya sufuria ya moto. Hapo hakuna lenzi, hata iwe ya bei gani, itakayotoa picha safi ya mlima ulio mbali.

Upepo ni wa pili. Heroe huinuka akielekea upepo unakotoka. Upepo ukitoka mgongoni mwa mpiga picha, ndege watakuja upande wake. Ukitoka mlimani, ataona mikia tu. Ukitoka ubavuni, watapita mbele ya mlima kwa mstari, na hiyo ndiyo nafasi iliyo bora.

Njia za ndege ni jambo la tatu, na ndilo linalomtenga mwindaji wa picha na mfukuzaji wa ndege. Heroe huishi katika maji ya magadi, lakini huhitaji maji baridi ya kunywa na kuoga, nayo huyafuata kwenye chemchemi na vijito viingiavyo ziwani. Aidha huhama kidogo kidogo kutoka malisho haya hadi yale. Pia hurushwa na maadui zao wa asili, kama furukombe, yule tai mla samaki, anapopita juu yao. Mtu akikaa siku moja nzima kwa darubini bila kupiga picha hata moja, akaandika katika daftari ndege walitoka wapi, walikwenda wapi na saa ngapi, siku ya pili atajua mahali pa kuketi. Wenyeji wa ufukwe ule, ambao ni wafugaji wa Kimasai, wanazijua njia hizo kuliko kitabu chochote, na kuandamana na kiongozi wao ni faida pande zote.

KAMERA NA MATUMIZI YAKE

Wengi hudhani kazi hii haiwezekani bila lenzi ndefu kama mtutu wa mzinga. Kwa ndege mmoja mmoja ni kweli. Lakini picha ya ndege pamoja na mlima hutaka lenzi ya kadiri, kwani lenzi ndefu mno hukata mlima na kubakiza kipande chake. Ol Doinyo Lengai uko kiasi cha kilomita 15 hadi 20 kutoka ufukwe wa kusini. Kwa kamera ya filamu ya milimita 35, au kamera ya kisasa yenye ukubwa huohuo wa picha, lenzi ya milimita 100 hadi 135 hutosha kuuingiza wote. Heroe aliye mbali mita 60 atachukua kama sehemu moja ya kumi na sita ya upana wa picha. Ni mdogo akiwa peke yake, lakini wakiwa ishirini kwa mstari hujaza uwanja.

Mabawa hupigwa upesi, kwa hiyo mlango wa kamera ufunguke kwa muda mfupi sana, sehemu moja ya elfu ya sekunde au pungufu ya hapo. Tundu la lenzi likiwekwa kwenye namba 11, na lenzi ya milimita 135 ikalengwa kwa ndege wa mita 60, mlima ulio nyuma nao utaonekana wazi. Jua likiisha kupanda kidogo, wepesi wa filamu au wa kamera wa kiwango cha 800 huruhusu mambo hayo yote kwenda pamoja. Mwenye filamu ya kiwango cha 100 itambidi afungue tundu hadi 5.6 au zaidi, na akubali mlima ulegee kidogo kwa ukali.

Magadi meupe hudanganya kipima mwanga, kikadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na picha ikatoka na giza. Yafaa kuongeza mwanga kwa nusu hatua au hatua moja, huku mtu akiangalia manyoya yaliyopauka yasije yakageuka karatasi tupu.

Ndege wafuatwe kwa kuzungusha kiuno, miguu ikiwa imesimama imara, wala si kwa kuvuta kamera kwa mikono. Mpigaji aanze kuwafuata kabla ya kupiga, na aendelee kuwafuata baada ya kupiga. Mbele ya ndege pabaki nafasi ya wao kwenda. Mstari wao usikate kilele. Ukipita chini yake, mbele ya miteremko yenye kivuli, wekundu wa mabawa utang'aa, ambapo juu ya maji mekundu ungepotea.

Mwenye simu ya mkononi asikate tamaa. Lenzi yake ni pana, na heroe wataonekana kama nukta. Basi na azitumie nukta hizo kama mstari wa waridi chini ya mlima, asizikimbilie ili ziwe kubwa. Kukimbilia huko ndiko kunakoharibu.

DALILI ZA KUTAZAMWA

Hakuna kipimo kimoja cha mita kinachofaa kila siku na kila kundi. Kipimo cha kweli ni shingo ya ndege. Heroe wakiwa wameinamisha vichwa majini, wanakula na wametulia. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja na kunyoosha shingo, mtu amekwisha kuwakaribia kupita kiasi, na yampasa asimame, kisha arudi nyuma polepole. Wakianza kutembea kwa msafara wakimpa mgongo, onyo limetolewa mara ya pili. Anayeendelea hapo akitumaini kwamba wataruka hapigi tena picha ya maisha yao. Anapiga picha ya hofu aliyowatia mwenyewe. Aketi chini, avae nguo zisizong'aa, gari lisimame mbali na injini izimwe. Wakati wa uzazi, viota visikaribiwe kwa njia yoyote, iwe kwa miguu, kwa ndege ya kuruka chini au kwa droni. Nchini Tanzania droni hairushwi bila kibali, na hata penye kibali, chombo kinachopiga kelele juu ya maelfu ya ndege wanaoatamia si kitu cha kufanyia mchezo.

NDEGE WA NCHI MBILI

Huenda mtu akauliza, je, kundi moja likirushwa asubuhi moja, dunia itapungukiwa na nini? Jibu limo katika mwenendo wa ndege wenyewe. Heroe anayelala leo Natron aweza kesho kutwa kuonekana Bogoria au Nakuru nchini Kenya, kisha akarudi Manyara nchini Tanzania, kwa kufuata mwani unapostawi. Hana pasi wala hajui mpaka. Anayemchosha upande mmoja humpunguzia jirani yake. Maziwa haya yamewekewa heshima ya dunia: Natron iliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mwaka 2011 maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elementaita yakawa Urithi wa Dunia. Lakini orodha haiwezi kusimama ufukweni kumzuia mtu mwenye haraka. Hilo ni la mtu mwenyewe.

Safari ndefu za heroe kutoka ziwa hadi ziwa hufanyika zaidi usiku, gizani, ambako mpiga picha wa kawaida hana la kufanya. Kinachomwangukia mpiga picha ni ile miruko mifupi ya asubuhi, ya kwenda kunywa na kurudi kula, nayo yatosha kabisa kwa mwenye subira.

Basi anayepata picha yake ukingoni mwa Natron na afuate desturi moja rahisi. Nyuma ya picha, au chini yake ikiwa itawekwa ukutani, aandike tarehe, saa na mahali, na aongeze maneno machache ya kueleza jinsi ndege walivyoinuka: walikwenda kunywa, au alipita furukombe, au upepo uligeuka. Asiyeweza kuyaandika maneno hayo kwa moyo mweupe, na airudishe kamera mkobani mpaka asubuhi nyingine.